Sekunde Arobaini

Nilianza kwa kulaumu ukungu.
Sisimba, saa moja asubuhi, mwezi wa saba,
vidole vimekufa ganzi juu ya herufi,
na ule mstari wa kijani kwenye kioo
umesimama kama ng'ombe aliyekataa daraja.

Kazi yenyewe ndogo: kusukuma
marekebisho ya mizani hadi ghala la msimbo
lililoko Iringa, Gangilonga, chini ya ngazi za Kihwelo.
Mizani ilikuwa inatoa uzito wa kikapu mara mbili.
Haikukusudia. Lakini chai ya watu wa Rungwe
ilikuwa inayeyuka kwenye hesabu,
na lori la kwanza linapima saa tatu.

Nikatazama mnara wa Loleza. Hauonekani.
Nikasema: si unaona.
Nikanunua bando jingine,
nikapandisha modemu juu ya kabati,
nikasukuma tena.
Sekunde arobaini.

Nikamlaumu Ambilikile,
aliyejaza ghalani picha za vikapu,
kila kikapu pande nne, kama bwana harusi.
Nikaziweka kando. Nikatengeneza faili
lenye neno moja tu: chai.
Herufi nne.
Sekunde arobaini.

Hapo nikaacha kulaumu, nikaketi.
Mzigo mzito na mzigo mwepesi
havichelewi sawasawa barabarani.
Anayevichelewesha sawasawa
yuko mlangoni.

Nikapiga hodi, ile hodi fupi ya mashine.
Karibu ikarudi kabla sijapepesa,
imekwenda Igawa, Makambako, Mafinga,
imefika, imegeuka, haijapata hata vumbi.
Njia nyeupe, basi.
Seva inanisikia.
Inanisikia, na haifungui.

Nikampigia Kihwelo.
"Kamwene."
"Kamwene."
Tukaulizana baridi, tukaulizana mahindi,
na yule mtoto, ameota meno mangapi sasa.
Salamu zetu zilipita sekunde arobaini mara mbili
na hakuna aliyeona zimechelewa.
Kisha akafungua daftari la seva, akanyamaza,
akacheka kwa puani.

Kumbe kila nikifika
seva haianzi na nenosiri.
Inaanza na: huyu ni nani, wa kwao wapi?
Nayo hainiulizi mimi. Inamuuliza jirani,
kompyuta ya majina ya chumba cha pili,
ile iliyopigwa na radi mwezi wa tatu
tukaifunika gunia, tukasema tutaitoa wiki ijayo.
Inauliza. Inangoja sekunde ishirini.
Inauliza tena, kwa adabu ileile. Ishirini.
Ndipo inakata tamaa na kunifungulia
kama mtu asiye na jina.

Miezi minne tumeingia hivyo, sote,
mimi, Ambilikile, na yule kijana wa Njombe,
tunamtukana mwenye mnara
huku marehemu anaulizwa habari zetu.

"Nakuandika kwa mkono humu ndani," akasema Kihwelo,
"isihangaike kwa jirani."
Nikasikia akibonyeza, pole pole, kwa kidole kimoja.
"Haya. Jaribu."

Kikombe hakikufika mdomoni.

Lori lilipima saa tatu na robo, kikapu kikatolewa mara moja.
Loleza ikafunuka saa nne, haina habari,
mnara wake kichwani, haujaombwa radhi na mtu.

Jioni nikachungulia ile orodha
nikajikuta mstari wa mwisho: Subiraga, kwa r.
Bibi aliponipa jina aliweka l,
na kwetu ni kutumaini.
Kihwelo ameniandika anavyonisikia.

Sasa mlango unafunguka kabla sijagonga vizuri,
na unanijua kwa jina la kungoja.
Sijamwambia arekebishe.