Zizi Lisilohesabiwa

Bahi, muhula wa pili. Chumba cha kompyuta
mwaka jana kilikuwa stoo ya majembe.
Mashine sita, nne zinawaka,
na vumbi jekundu limewahi vitufe kabla yetu.

Mfano wa kitabuni ulikuwa theluji:
vipande vinaanguka, programu inavihesabu.
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza.
Nikajiongeza: "Haya, wekeni ng'ombe wa kwenu."

Lusito akaondoa mikono mezani.
"Ng'ombe hawahesabiwi, Mwalimu."
Nikaandika jina lake kwa wino mwekundu: mkaidi.
Mimi wa Machame, ng'ombe wetu mmoja bandani
akikatiwa majani ya mgomba,
nilijua nini kuhusu zizi?

Jumamosi pikipiki ilipata pancha karibu na kwao.
Kengele za shingoni zilikuwa zinarudi.
Lusito kasimama penye mlango wa miiba,
fimbo begani, kimya.
Akapita mwenye baka la paji.
Akapita yule aliyezaliwa wiki ya mafuriko.
Akapita Pembemoja, na bintiye, na mjukuu mvivu,
na wengine, na wengine,
hakusema moja, hakusema mbili.
Kisha: "Mtamba wa majivu hayupo.
Humfuata mjukuu. Leo nyuma yake pana mwanya."

Mwanya.
Chuoni nilirudia somo hilo mara mbili.

Tulimkuta gizani, kwenye mpunga wa watu,
anakula kama aliyealikwa.

Jumatatu nikafuta theluji,
nikachora mlango wa miiba ubaoni.
Kila apitaye: rangi yake, mama yake, amfuataye nani.
"Na ikiwa nyuma yake pana mwanya, basi..."
"Tunarudi njia ya mashambani!" darasa likamalizia,
na mwalimu wa jirani akagonga ukuta.

Lusito alichapa kwa vidole viwili, polepole,
kama anayemtoa ndama mwiba kwatoni.
Sechelela, ambaye kwao hawana hata mbuzi,
akauliza kama vibuyu vya mbegu za mama yake vinaingia.
"Hupangwaje?" nikauliza. Akaanza kueleza,
na kipindi kikaisha akiwa kwenye uwele.

Umeme ulikatika kabla hatujahifadhi kazi.
Wengine wakatoka. Lusito akabaki,
anaitazama skrini nyeusi.
"Mwalimu, humo ndani, yenyewe haihesabu?"

Ningeweza kudanganya.
"Inahesabu," nikasema. "Ila haisemi."

Akafikiri, akafunga daftari.
"Kama baba."