Sikio la Mpima Fedha

Baba yangu, Kwong Yiksau, hakuyaamini macho.
Reale aliituliza juu ya ncha ya kidole,
akaigonga kwa nyingine, akainamisha kichwa.
Fedha safi, alisema, hutamka neno moja ikanyamaza.
Ya bandia hueleza mno.

Kisha aliipiga muhuri wake,
alama ndogo mfano wa mbegu ya tikiti,
shavuni mwa mfalme wa Hispania
ambaye uso wake ulikwisha kujaa makovu
ya wapima fedha waliokufa kabla hatujazaliwa.

Siku hizo fedha ilikuwa ikija.
Ilishuka melini kwa masanduku,
na chai ikashuka Wuyi mabegani mwa watu
waliovuka milima siku ishirini wasiionje.
Wageni walitaka chai, hariri, vikombe.
Sisi tulitaka nini chao?
Saa za ukutani. Baba alinunua moja.
Haikuwahi kusema kweli.

Ndipo yakaja makasha mengine,
madonge arobaini kila kasha,
yamevikwa maua makavu kama maiti ya tajiri.
Kasumba. Mezani kwetu neno hilo halikutajwa;
tulisema matope ya ng'ambo,
na matope, kama ujuavyo, huingia na viatu.

Fedha ikageuza kisigino.
Baba sasa alizigonga zinazoondoka,
na jioni mkono ulimtetemeka.
Baridi, alisema.
Mwezi wa sita, Kantoni, baridi!
Mama hakubisha. Alihesabu bangili zake gizani,
kila mwezi hesabu ikawa fupi.

Mwaka wa mizinga kilimani, juu ya kuta zetu,
hesabu ikaletwa kwa maandishi:
reale milioni sita, wiki moja,
la sivyo mji.
Wapima fedha wote waliitwa, wazima na wanaotetemeka.
Baba alikwenda na mizani yake ndani ya kitambaa cha bluu.

Siku ya nne alirudi, akamimina maji kwenye wali,
akala nusu.
Nimeikuta, alisema.
Nini?
Mbegu ya tikiti. Shavuni.
Nimeikuta mara kumi na tatu.
Tukangoja aendelee.
Nimeigonga, ikasema neno lake,
nikaitia kwenye sanduku lao.

Sijui kama alilia. Alikuwa amenipa kisogo,
akiitia ufunguo saa ile mwongo.

Mengine niliyasikia nikiwa mtu mzima.
Kwamba forodhani mgeni ndiye anayeketi mezani
na karani wetu ndiye anayesimama.
Kwamba huko kaskazini mfalme amekimbia,
bustani zake zimechomwa siku mbili mfululizo.
Muuza mboga ndiye aliyeniambia,
huku akinipunguzia bei ya figili.
Nilichukua tatu.

Chini ya kitanda alichofia baba
palikuwa na kijaluba cha zile alizozikataa maishani:
risasi iliyorambishwa fedha,
shaba tupu, moja ya bati, nyepesi kama uongo wa mtoto.
Hizo hakuna aliyezidai. Hakuna manowari iliyozifuata.
Usiku nikikosa usingizi naigonga moja,
nayo inaeleza, inaeleza.

Asubuhi nazirudisha juu ya kifuniko
cha mtungi wa kabichi ya chumvi.
Uzito wake unatosha.