Ngeli ya Mke Mwenza

Kiingilio elfu mbili. Mama analipa kwa sarafu,
moja moja, kama anayelipa deni lisilo lake.

Banda la vichwa, Tabora, saa nne asubuhi.
Bati limetoboka, jua linavuja matone matone
juu ya chuma cheusi.

"Kichwa hiki," anaanza Ntahondi, kijana wa Kasulu,
koti la shirika limemzidi mabega,
"kilivuta mabehewa kumi na manne hadi Kigoma,
kikanywa maji Malagarasi,
kikaitafuta milima ya Uvinza kikihema..."

"Huyu," anasema Mama.

"Samahani, bibi?"

"Si hiki. Huyu. Huyu ni mke mwenzangu."

Mimi nafundisha ngeli darasa la sita, Isevya.
Kichwa ki-, vichwa vi-. Kosa kama hilo
nalipigia mstari mwekundu kila Jumatatu.
Leo nimemeza kalamu.

Miaka kumi na tisa Baba alimtumikia,
Mihayo wa Lubatula, mtia moto,
koleo mkononi, na kwenye koleo mchanga.
Ndiyo, mchanga. Huyu alikunywa mafuta mazito,
masizi yakamkaba koo mlimani,
basi Baba akamrushia mchanga mkavu tanuruni,
moshi ukaunyonya, ukasugua mabomba yote,
ukatoka juu mweusi tii.
Wanawake wa Malolo wakaanua nguo wakitukana.

Mchanga ule ulifika kwetu pia:
kwenye pindo za suruali, masikioni, kitandani.
"Wenzangu walikuta harufu ya marashi," Mama husema.
"Mimi changarawe."

Wakikaribia mjini dereva alimwachia Baba kamba ya king'ora.
Mrefu, mfupi, mrefu.
Mama hapo hapo akabandika sufuria,
maji yakianza kuchemka, viatu mlangoni.

Ila ule usiku mmoja,
mrefu, mfupi, mrefu,
maji yakachemka,
yakapungua,
yakakauka, sufuria ikaungua chini,
na Baba akaingia jogoo wa kwanza akiwika.
Alikuwa anamfuta. Kitambaa na mafuta ya taa,
gurudumu kwa gurudumu,
kwa sababu kesho yake kulikuwa na mkaguzi.
Mama hakuuliza. Sufuria ile ipo mpaka leo,
tunapimia mahindi.

Sasa anamzunguka polepole, fimbo mkononi,
anamtazama kutu begani, kioo kilichovunjika,
nati zilizoibwa zikaacha vitundu kama sikio lisilo na hereni.
Anamgonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.
Hodi.

Ndani kunaitikia.

"Msifungue!" Ntahondi karuka hatua tatu nyuma.
"Nyuki. Waliingia miombo ilipochanua,
bado tunamsubiri mrinaji kutoka Sikonge."

Mama ameegemeza sikio kwenye chuma.
Muda mrefu. Mvumo ule unapanda, unashuka,
kama sauti ya moto uliopunguzwa, si uliozimwa.

"Bado ananung'unika," anasema,
na kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani
anacheka, meno yake manne yote nje.

Nje ya banda kuna meza, na daftari la wageni.
Jina. Anapotoka. Sababu ya ujio. Maoni.
Nikanyoosha mkono nimwandikie; akaivuta kalamu.
Alisoma ngumbaru, herufi zake bado zinatembea kwa magoti.
Ntahondi akasogeza kivuli chake pembeni apate mwanga.

*Kalunde Mihayo. Isevya.*
*Kumsalimia mwenzangu.*

Kwenye maoni akasita, akalamba ncha ya kalamu ya wino
kana kwamba ni ya risasi,
akaandika nami nikasoma begani mwake,
sikusahihisha hata silabi:

*Mpakeni mafuta. Amekauka.*