Benchi la Wanane

Daftari zilikuwa kumi na nne, za jalada la buluu,
mchwa wamezitafuna pembeni, kurasa zanuka chumvi na spiriti.
Majina elfu sita mia moja na kumi na mawili:
watoto wa Langoni, wa Mkomani, wa Matondoni,
wote waliowahi kudungwa sindano kwenye dirisha hili
tangu kabla sijazaliwa hadi juzi.
Miezi mitatu niliyachapa.
Kisha nikaandika programu fupi, mistari arubaini,
nikaiambia: peleka.

Maombi, ndivyo tunavyoyaita.
Nami niliyaomba yote kwa pumzi moja,
elfu sita na ushei, bila hata nukta,
kila moja likikimbia bila kumngoja mwenzake,
yote yakielekea mlango mmoja, Nairobi,
kwenye seva ambayo sijapata kuiona.

Thelathini na saba yakapokelewa.
Mengine yakarudi na jibu lile lile:
muda umekwisha. Muda umekwisha. Muda umekwisha.
Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa hasira.
Usiku ule yale thelathini na saba yakaingia mara tatu tatu,
na Kerubo, anayeilea ile seva, akanipigia simu alfajiri:
"Wewe wa Lamu, umetuangusha.
Kisumu hawaingii, Garissa hawaingii.
Mashine ni moja, kaka."

Nilitaka kumjibu. Sikumjibu.

Na usinikumbushe ile methali ya haraka;
naijua, imo kwenye leso ya mamangu,
na yeye mwenyewe haifuati.

Jumanne ni siku ya chanjo.
Kina mama wamejaa ukumbini mpaka nde, kichochoroni,
punda mwenye shehena ya mchanga hana pa kupita,
watoto wanalia kwa zamu, kisha kwa pamoja.
Muuguzi Mwanamkasi hakuinua sauti.
Kichwa chamuuma, chai yake imepoa,
na ana benchi moja tu, la wanane.
"Ndooni wanane," asema. "Wa tisa, keti papo ulipo."
Akitoka mmoja, aingia mmoja.
Si wanane watoke, ndipo waingie wanane; la,
akitoka mmoja, aingia mmoja,
benchi halifuriki wala halikai tupu.
Nikamuuliza, mbona usiwaite wote, mmalize?
Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji hulowesha.
"Nina mikono mingapi?"

Nikarudi mezani, nikafuta mstari mmoja,
nikaandika mitano.
Wanane. Akitoka mmoja, aingia mmoja.
Ukikataliwa, usigonge tena papo hapo:
ngoja sekunde mbili, halafu nne, halafu nane,
na kila ombi libebe namba yake
lisije likahesabiwa mara mbili.

Baada ya isha nikaiachia.
Sasa majina yalipanda kwenye kioo taratibu
hata jicho likaweza kuyasoma.
Fumo Lali, dozi zote, imepokelewa.
Mwanaharusi Kupi, dozi moja, walihamia Faza, imepokelewa.
Kumbe sikuwahi kuyasoma. Miezi mitatu
vilichapa vidole tu, kichwa kikiwa kwengine.

Saa sita kasorobo usiku, la elfu mbili mia nne na kitu:
Zena Twalib Shee. Langoni.
Dozi ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo.
Sindano ya surua: hakuletwa.
Dadangu. Hata hili nililichapa.
Nilikuwa na miaka mitano,
na nyumbani hatumtaji ila kwa ishara ya mkono,
kimo chake, hapa.

Likasita. Sekunde mbili.
Nne.
Nikazuia pumzi, kama wa tisa mlangoni.
Nane.

Imepokelewa.

Akatoka yeye, akaingia mwengine.