Tone la Kisigino

Alizaliwa saa tisa na dakika kumi za usiku
na hakulia.
Mkunga Nabintu alimsugua mgongo kwa kitambaa,
akampulizia hewa kwa puto la mpira
huku akihesabu kwa Mashi, lugha anayoitumia
akiogopa tu.
Kwenye hesabu ya saba mtoto akakoroma
kama mlango usiopakwa mafuta.

Kisha mlango wangu wa labo ukagongwa.
"Mwamini, toka. Huyu wa kitanda cha nne
kitovu kilimzunguka shingo mara mbili."

Kisigino chake kilienea kwenye ncha ya kidole changu.
Nilichoma. Hakuvuta mguu.

Damu, watu husema, ni nzito kuliko maji.
Mimi naizungusha kila siku, naijua:
ukiiacha itulie, juu yake hubaki maji
ya rangi ya mchaichai,
na humo ndimo ubongo huacha nyayo.
Maana ubongo ukiumia haupigi kelele.
Hauchechemei. Hauna pa kubandika plasta.
Seli zake zikipasuka humwaga protini ndogondogo,
wasengenyaji wasiolala;
hupenya ukuta, hushika njia,
hufika hata kisiginoni wakinong'ona:
huko juu kuna nyumba inaungua.

Mashine ilikuwa ikiwahesabu wasengenyaji hao
umeme ulipokatika.

Bukavu nzima, kutoka Kadutu mpaka Nguba, giza tii.
Jenereta ilibaki na lita mbili,
na lita mbili ni za chumba cha upasuaji.
Nilikaa na simu nimeibana kwa meno,
taa yake ikimulika kichupa,
nikisikia mvua ikiteremsha udongo wa mlima.
Tuna saa sita, daktari alikuwa amesema.
Ndani ya saa sita ubongo ulioungua huweza kupozwa.
Baada ya hapo, hakusema.
Mlinzi Cikuru alinyonya petroli ya pikipiki yake
kwa mpira, akatema, akafuta mdomo:
"Ningekwenda nayo wapi usiku huu?"

Mdogo wangu Murhula alizaliwa vilevile,
juu ya godoro, Kadutu, mwaka wa mvua ya mawe.
Hakuna aliyemchoma kisigino.
Majirani walisema amelogwa. Shangazi akasema
mama alikula mayai akiwa na mimba.
Alitembea na miaka mitano. Hasemi.
Lakini lori likipanda kutoka Ruzizi
yeye hulijua kwa mngurumo tangu halijaonekana,
na dereva mmoja humpigia honi mbili.
Namba ingesema nini juu ya honi hizo?

Saa kumi na moja na robo mashine ikatoa karatasi.
Namba ilikuwa juu. Si juu kabisa. Juu.
Daktari Bisimwa aliisoma kama barua ya deni,
akaigeuza, kana kwamba nyuma kuna maelezo.
"Hii inasema ameumia," akasema.
"Haisemi atakuwa nani. Mpozeni.
Kipimajoto kisibanduke mwilini mwake."

Nsimire, mama yake, muuza sambaza wa Nyawera,
aliletwa akiegemea ukuta.
Hakuuliza namba. Aliuliza kichupa.
"Ile damu mliyochukua, mtamrudishia?"
"Ni matone manne tu, mama."
"Na yeye mwenyewe ana mangapi?"

Nilikuwa na jibu la kitabu. Nililimeza.

Kwenye daftari la zamu, mahali pa jina
pamebaki mstari mtupu,
na kando yake namba, niliyoiandika kwa penseli
ingawa kanuni ni kalamu ya wino.
Saa tatu asubuhi, nikitoka, nilipita kitanda cha nne.
Nilimgusa kisigino, palepale.

Akavuta mguu.
Kidogo. Au ulikuwa mkono wangu.