Karatasi ya Mahudhurio

Kalamu niliishika mimi siku ile Uvinza,
ukumbi wa shule, madawati ya kidato cha pili,
ubaoni hesabu za vipeo hazijafutwa.
Mtaalamu alituonyesha picha: duara, mabomba,
mto Malagarasi umechorwa kwa buluu
ambayo mto wenyewe haijui.
Akasema kinu. Akasema nyuklia. Akasema gridi,
na umeme ukakatika.

Tulicheka. Naye alicheka.
Jenereta la parokia likakohoa mara tatu, likawaka.

Muuguzi Adelina Gwimo alisimama wa kwanza:
"Juzi nimezalisha kwa tochi ya simu,
simu nimeing'ata kwa meno.
Mkiniuliza mimi, leteni hata kesho."
Nikaandika: Wananchi wameunga mkono.

Kisha Leokadia Ntiruhungwa, mchemsha chumvi,
mikono imebabuka hadi viwikoni:
"Miombo yote ile ya ng'ambo
tumeichemshia maji, tukaila na ugali.
Kwa hiyo mimi sikatai moto. Nauliza jivu.
Jivu la huu wenu mtalimwaga wapi?"

Litazikwa, akajibiwa. Chini sana. Miaka elfu kumi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu tutampa nini?
Na mlinzi wa kaburi lake,
mshahara wa mwaka wa elfu tisa
atauchukulia dirisha gani?"

Fomu yangu ina safu ya hoja, upana wa vidole viwili.
Nikaandika: Suala la mazingira. Limejibiwa.
Mkono uliandika kwa mazoea.

Karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka,
jina, kijiji, saini.
Leokadia aliigeuza nyuma na mbele.
"Ile ya barabara tulisaini kwamba tumekuja,
huko Kigoma mkasoma kwamba tumekubali."
Akaniomba kalamu. Ningeweza kumnyima;
sikumnyima.
Kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema
akaandika juu kabisa:
TUMESIKIA. BADO HATUJAKUBALI.
Ndipo akasaini.

Foleni ikafika mlangoni, ikapinda, ikatoka nje.
Adelina alisimama na kalamu muda mrefu,
akaongeza chini ya jina lake:
Umeme nautaka. Na jibu la jivu nalitaka.

Dizeli ikaisha. Waliobaki
walisaini kwa tochi za simu,
kila mmoja akimmulikia aliye nyuma yake.

Muhtasari nimeshaupeleka wilayani.
Nimekata neno moja, "Limejibiwa",
kwa mstari mmoja tu, mwembamba,
ili lisomeke kuwa liliwahi kuandikwa.