O ya Bari

Kitabu kimegundishwa mara nne,
mgongo wake sasa ni utepe wa fundi bomba,
na ukurasa wa kumi na saba haupo: naupiga kwa kichwa.
Mimi ni vidole tu katika chumba hiki,
ghorofa ya tatu, shule ya muziki ya Kutaisi,
chini yetu Rioni ukisukuma maji ya theluji.
Miaka thelathini na moja, nyimbo zilezile za Kiitalia,
za mabwana wenye majoho, waliokwisha kuoza,
wakiwalilia wanawake wasiogeuka.

"Kwa nini hizi?" huuliza kila mgeni.
Mwalimu Lamara humwambia ataje
neno moja la kwetu, la kumenya,
lenye konsonanti nane zilizobanana kama mawe ya ukuta
kabla ya irabu moja kuchungulia.
"Haya, liimbe."
Mtoto hukwama, shingo imemvimba.
"Lugha yetu inajenga ngome. Hii inafungua mlango.
Fungua. Fungua zaidi."

Malkhaz alikuja Oktoba, moja kwa moja toka tanurini,
unga kwenye nyusi, vidole vimebabuka,
sauti kama ya ng'ombe aliyefungiwa zizini.
Nikamshushia wimbo nusu toni,
kisha nusu tena.
Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega.
Mwalimu akamlaza sakafuni, akamwekea kamusi tumboni:
"Usiimbe. Inyanyue."
Wiki tatu kamusi ya Kiitalia ilipanda ikashuka
bila kufunguliwa.

Alipouliza maana ya maneno aliambiwa, baadaye,
kwanza irabu.
Lakini neno moja alikuwa nalo tayari.
*Torna*. Rudi.
Mama yake yuko Bari, mwaka wa saba huu,
anamlisha bibi wa watu, anamgeuza kitandani,
na Kiitalia cha Malkhaz chote ni cha simu:
dawa, polepole, kesho, pesa nimetuma.
Basi aliimba vizuri hadi pale,
na pale sauti ilidondoka
kama ndoo iliyokatika kamba.
Mwalimu alidhani ni pumzi.
Mimi nilidhani ni sikio.
Tulimrudisha hapo mara ngapi, Mungu atusamehe.

Machi, katikati ya somo, simu ikalia.
Simu hazitakiwi; imeandikwa mlangoni kwa wino mwekundu.
Malkhaz akalitazama jina, akatutazama sisi.
Mwalimu akainyakua, akaibonyeza,
akailaza juu ya piano, kando ya glasi yangu ya chai.
"Toka mwanzo," akaniambia mimi, si yeye.

Sitasema aliimba vizuri.
Mstari wa kwanza aliuharakisha, wa pili aliumeza nusu.
Ila alipofika kwenye neno lile hakulidondosha.
Alilishika kuliko alivyotaka mtunzi,
kuliko ninavyoruhusu kwa kawaida,
nami nikangoja, mikono hewani,
chai ikitetemeka kwenye glasi.

Kisha mkwaruzo. Kisha mama akipenga kamasi.
Kisha sauti nyingine, kavu, ya kizee,
ya mtu ambaye (tuliambiwa baadaye)
hakuwa amenena tangu Krismasi:
"Hiyo O. Mdomo umeachama mno.
Afumbe kidogo.
Tena."

Miaka thelathini na moja ya *fungua*!
Mwalimu Lamara, ambaye Italia anaijua
kwa kalenda ya ukutani tu, alipandwa na wekundu
kuanzia kwenye kola hadi kwenye hereni.
Huenda ni lafudhi ya Bari tu, nilitaka kumwambia.
Huenda bibi hakusikia vizuri.
Lakini alikwisha kuiomba penseli yangu.
Akailamba ncha, kama wanavyofanya wauza duka,
na chini ya noti ile ndefu,
kati ya majina ya wanafunzi waliokwenda zao,
akaandika: *fumba kidogo. Bari.*

"Umesikia," akamwambia Malkhaz.
Simu bado ilikuwa wazi.
Nikanywa funda la chai, ilikwisha kupoa,
nikaweka vidole mahali pake,
toni nzima chini.